Mtani Kaziba Njia

Jumatatu, 14 Julai
Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba leo asubuhi gari dogo jeupe limelala mbele ya geti langu. Wafiwa ni mimi na toroli langu la maji. Chai imepoa nikimtafuta mwenyewe. Kumbe mpangaji wa ghorofa jipya la jirani yangu Kondo. Pale palipotakiwa kuegeshwa magari, Kondo kajenga fremu za maduka. Sasa magari yote yako mtaani, pande zote mbili.

Alhamisi, 17 Julai
Siku ya mama kusafishwa kidonda cha mguu, hospitali ya Kitete. Bajaji imeishia kona. Hakuna pa kupita. Mama kajaribu kutembea, kafika kwa Kondo, karudi. Hatukwenda. Kidonda kinanuka. Naogopa.

Ijumaa, 18 Julai
Nimekwenda kwa Kondo nimevimba. Kosa langu: yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani. Kila nilichofoka kakichekea. "Ninyi si wapagazi tangu enzi za misafara? Mbebe mama yako!" Nami nikacheka, mpumbavu mimi. Nimerudi na soda mkononi.

Jumapili, 20 Julai
Mkutano wa mtaa. Nimesimama kulalamika, Kondo kadakia: "Mnyamwezi kachoka mzigo!" Watu hoi. Mwenyekiti kafuta machozi, kafunga mkutano. Nina hasira mpaka ugali haushuki. Mama kauliza kulikuwa na nini. Nimemweleza yote, hata la wapagazi. Hakucheka.

Jumanne, 22 Julai
Mtaani wananipongeza eti nimemnyoosha Kondo. Ukweli ni huu. Jana mama alijikongoja hadi mlangoni kwake, wapangaji wakitazama. Kondo akamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Mtani, mzigo ndio huu. Nibebe."

Mtani akikudai mbele za watu, huna pa kukimbilia. Akambeba mgongoni, akijipenyeza kati ya magari, mguu wenye kidonda ukining'inia ubavuni mwake. Njia nzima hakutania. Akapanda naye bajaji. Nesi alifungua bandeji Kondo akiwa palepale.

Jioni akawaambia wapangaji waegeshe upande mmoja tu. Fremu hajabomoa, wala hajaahidi.

Leo bajaji imefika mlangoni. Kidonda bado kibichi. Nesi anataka tumpeleke kila siku, wiki nzima.

Mchango wangu katika yote haya: nilishika mkoba wa mama.