Vishikwambi vya Makindye

Dada Awino,

Huku Makindye mvua imetufungia shuleni, lakini nina furaha. Siku mbili nzima nimewahubiria walimu kuhusu vishikwambi, navyo vikabaki kabatini, vimefunikwa vitambaa vya kufuma kama sahani za wageni. Leo nilikuwa nakula rolex, ile chapati yao ya mayai, nikagusa changu kwa kidole chenye mafuta. Somo langu lote likafutika mbele yao! Mwalimu Nakato wa darasa la kwanza akacheka hadi machozi yakamtoka: "Banange, kumbe hata wewe unaharibu!" Akaenda kabatini, akachukua chake. Wenzake wakamfuata.

Hicho cha shule yenu ulichokifungia, dada, kitoe. Nikirudi nataka nikikute kimejaa alama za vidole.

Mdogo wako akupendaye,
Otieno