Sauti Inayomwita Wandera

Jumatatu, 3 Machi
Napima omena sokoni tangu asubuhi. Wateja wazuri. Hata wa upande wa Kenya wanavuka kuja kwangu, maana omena wangu hawana mchanga, kila mtu Busia anajua. Simu ikalia. Nikapokea kwa kidole kimoja, mikono imejaa samaki. Sauti ya msichana: Habari Wandera Moses, kuna nafasi ya kazi inayokufaa, bonyeza moja. Nikakata. Ni mara ya nne tangu Ijumaa.

Mwanangu Wandera yuko kaburini tangu Novemba.

Jumanne, 4 Machi
Imepiga mara mbili. Ni mashine, sasa nimejua. Kabla sijajua niliieleza yote. Kwamba shimo la dhahabu kule Tiira liliporomoka naye yumo ndani. Kwamba alikwenda kuchimba huku akingoja kazi. Mashine ikasema haikunipata vizuri, nibonyeze moja au mbili. Nina hasira. Aibu pia, mama muuza nyanya alisikia.

Simu ya Wandera ilikuwa imeharibika, ndiyo maana aliandika namba yangu kwenye fomu zote za kazi. Miaka miwili alituma fomu. Hakuna aliyepiga. Sasa ndiyo wanapiga.

Alhamisi, 6 Machi
Mara tatu leo. Baba Wandera anasema nitupe laini. Nimemwambia wateja wangu wote wako humo. Uongo. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine anayelitaja jina lake lote. Hapa nyumbani wanasema marehemu tu.

Jumapili, 9 Machi
Hata leo imepiga, natoka kanisani. Nikabonyeza moja. Nilidhani atapokea mtu. Ikasema asante Wandera, intavyu yako ni Alhamisi saa nne, Tororo, mjini, njoo na vyeti. Nimefanya nini mimi. Watamngoja.

Kwetu, mtu akimwita marehemu bila kujua, hajibiwi kwa mbali. Unamwendea, unamwambia ana kwa ana. Baba Wandera anasema hiyo ni kwa watu, si kwa mashine. Nimemwambia mashine ina wenyewe. Nakwenda.

Jumatano, 12 Machi
Nimepiga pasi gomesi ya njano, nguo yangu ya shughuli. Vyeti nimevitoa chini ya godoro, nikavisoma tena. Diploma ya umeme. Hapa kwetu Lunyo nzima tuko mama wawili tu wenye mtoto wa hivyo, na wa mwenzangu alirudia mwaka.

Nauli nimeifunga kwenye leso.

Alhamisi, 13 Machi
Tororo. Chumba kimejaa vijana, viatu vinang'aa. Mmoja akaniambia, mama, kazi ya kufagia si leo. Wenzake wakacheka. Nikamwonyesha diploma. Akaisoma, akaniachia kiti, akaomba msamaha vizuri. Mtoto wa watu, hakujua.

Msichana wa ofisi akaanza kusoma majina. Wandera Moses. Akarudia. Akarudia tena. Nilikuwa bado nimebana vyeti mapajani. Nikaona kalamu inakwenda kwenye karatasi. Hapo nikasimama, nikafika mezani kwake, nikatazama. Ameandika hakufika.

Niliwaka.

"Futa hiyo, binti yangu. Andika amekufa. Wandera hajawahi kukosa mahali alipoitwa."

Akaniangalia, akakata mstari, akaandika nilivyomwambia. Halafu akanivutia kiti, akaomba vyeti. Akavisoma vyote pole pole, kimoja kimoja, kama mwenyewe amekaa pale mbele yake. Mpaka cheti cha darasa la saba.

"Huyu tungemchukua, mama."

Nililia mbele za watu. Yule kijana wa kiti akanishika mkono.

Msichana akaniuliza kama aliondoe jina kwenye mashine. Nikasema ndiyo. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili.

Jumamosi, 15 Machi
Simu imelia mara moja, mwalimu anataka omena wa shule.

Nimeng'oa magugu kaburini. Nikamweleza Wandera habari za Tororo, kwamba vijana walikuwa wengi na vyeti vyake vilisomwa vyote. Baba Wandera akaja, akakaa upande wa pili, akawa anang'oa na yeye. Baadaye akaniuliza yule msichana wa ofisi alisemaje hasa.

Nikamwambia. Akaniuliza tena, nikamwambia tena.