Kioo cha Marehemu Juu ya Kichwa cha Mwanangu

Mshauri wangu mpendwa, dada yangu mkubwa, Eje Saltanat,

Naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko mbaya, maana naandika nimekaa jikoni mlango wazi, sikio liko chumbani, kitu kikilia kidogo tu nanyanyuka. Mimi ni mkamwana katika nyumba moja hapa Bishkek, mume wangu Talant yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, nyumbani tumebaki mimi na binti yetu Sezim ambaye hata jino la kwanza hajaota, pamoja na baba mkwe, ambaye jina lake siliandiki hata kwako kwa sababu mkamwana halitamki.

Mama mkwe alitutoka wakati wa theluji, akaacha kioo chake kikubwa chenye fremu nene ya mti wa jozi, alichokuja nacho alipoolewa, wanaume wawili wakikibeba wanahema. Tulikifunika kitambaa cheupe kama ada ilivyo, na arobaini ilipopita baba mkwe akakifunua, akalia sana mbele yake, akasema hakitakaa tena sakafuni kama mzigo wa stesheni. Sasa mshauri, kule nyumba ya zamani kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nene, unapiga msumari wa inchi sita unaning'iniza hata tandiko la farasi, lakini hapa ghorofani chumba chetu kimegawanywa kwa ukuta wa jipsamu, ubao mwembamba na nyuma yake ni uwazi mtupu, naye akapiga msumari uleule, mmoja, na kioo akakitundika hapo.

Na hapo ni wapi? Ni juu ya beshiki ya Sezim, kitanda chake cha kubembea. Unajua mwenyewe mtoto asiye na meno haonyeshwi kioo, kwa hiyo ukuta wa mbele aliukataa, akasema atajiona, akakiweka juu ya kichwa cha mtoto ambako hawezi kukiona. Ni kweli hakioni, eje, lakini kikishuka kitampata usoni, na yeye amefungwa mikanda ya beshiki mikono na miguu kama tulivyofungwa sote utotoni, hata kujigeuza hawezi.

Wiki iliyopita ardhi ilitikisika, kidogo tu, vikombe viliongea kabatini, na asubuhi nikakuta unga mweupe kwenye mto wa mtoto. Kioo kilikuwa kimeinamisha kichwa. Nikamwambia baba mkwe kwa adabu zote, macho chini, "Baba, naona msumari umelegea." Akachukua njiti za kiberiti akazishindilia tundu lote, akagonga nyundo, akasema, "Kioo hiki kimekaa ukutani kwangu tangu wewe hujazaliwa. Leo kianguke kwa sababu umekitazama?" Nyufa zilipotokea akazifunika kwa kitambaa cha ukutani alichokitarizi marehemu, na chenyewe amekitundika kwenye msumari huohuo. Wageni wakija wanasifu, pamependeza! Mimi nimekiinua kile kitambaa, mshauri, ufa umeshakuwa mrefu kama kiganja changu na ubao umebonyea.

Beshiki nikiisogeza dirishani, nikirudi kutoka sokoni naikuta imerudishwa. "Baridi ndiyo inayoua watoto, si kioo," anasema. Nimempigia Talant, naye akaniambia, "We mwanamke, mama yangu hata udongo wake haujakauka, unataka nimwambie baba ashushe kioo chake? Vumilia." Nikamwendea dada mkubwa wa baba mkwe, Kalipa apa kama tunavyomwita kwa heshima, anasokota uzi hata hakuinua uso, akasema, "Wakamwana wa siku hizi! Mwenye nyumba kafa juzi, leo wanahesabu vyombo vyake vya kutupa." Tangu hapo nimenyamaza kwa sababu wote wanaona simpendi marehemu, na Mungu ndiye shahidi nilimwosha kwa mikono yangu alipokuwa mgonjwa. Usiku silali, nimeweka mkono juu ya uso wa mtoto kama vile mkono wangu utazuia mbao na kioo. Nifanye nini nisivunje nyumba?

Mimi, Roho Juu, Bishkek

*

Roho Juu,

Pole kwa msiba, na pole kwa mkono wako unaokesha. Sasa sikiliza, maana nimekasirika na sitaficha.

Unaniuliza usivunje nyumba vipi. Nyumba ipi? Ukuta unamwaga unga usoni kwa mtoto aliyefungwa mikanda, na wewe unahofia neno la Kalipa apa! Ada imekukataza kumtaja baba mkwe kwa jina. Haijakukataza kuinua beshiki. Leo hii ipeleke jikoni kwenye joto, na ikirudishwa, mfungue mtoto umlaze ubavuni mwako, beshiki ibaki tupu chini ya kioo. Mzee hawezi kumfunga mikanda mwenyewe. Akiuliza, sema mtoto ana mafua. Naam, nimekuambia udanganye, dhambi hiyo niandikie mimi.

Kuhusu mzee, usimwone adui. Anamlilia mkewe na hajui kuta za siku hizi. Njiti za kiberiti hushika kwenye udongo na tofali kwa sababu zina kitu cha kubana. Kwenye jipsamu hazibani chochote, zinapanua tundu tu, na kila pigo la nyundo lile linaupasua ubao zaidi. Usibishane naye kwa mdomo. Mlete Kalipa apa nyumbani, mkaribishe chai, kisha mwombe agonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Atasikia unalia kama debe. Halafu inua kitambaa aone ufa kwa macho yake. Huyo ndiye mkubwa wake, akisema "shusha", mzee atakishusha. Na sema hivi, maneno haya haya: "Apa, naomba kioo cha mama kikae ukumbini karibu na mlango, kila anayeingia amkumbuke." Hapo nani atasema humpendi marehemu?

Nimekuchagulia ukumbi kwa makusudi. Katika maghorofa mengi ukuta wa mlango wa kuingilia ni wa zege. Mwiteni fundi mwenye drili, atoboe, aweke plagi za zege zinazojibana ndani ya tundu, na skrubu nene, kulabu mbili zilizoachana, si msumari mmoja. Mzee aking'ang'ania ukuta wa jipsamu, basi kisiwe upande wa kulala mtu. Fundi atafute kwa sumaku nguzo za bati zilizo ndani, sumaku itanata kwenye vichwa vya skrubu za ubao, afunge mbao ndefu iliyoshika nguzo mbili au tatu, kioo kitundikwe kwenye hiyo mbao, na chini kipate kigingi cha kukalia ili uzito wote usining'inie. Zipo pia boliti zinazofunguka kama mabawa nyuma ya ubao, ni nzuri kwa picha na rafu ndogo. Kwa kioo kinachobebwa na wanaume wawili, usimruhusu mtu akudanganye nazo. Tundu la zamani lisitumike tena, na ubao uliopasuka ubadilishwe. Kitambaa cha marehemu kipate msumari wake.

Na hata kikifungwa na fundi bora wa mji mzima, juu ya kitanda hakiwekwi. Nchi yetu inatikisika, wewe mwenyewe umevisikia vikombe.

Kama Kalipa apa naye atakataa, vaa kitambaa chako cha kichwa, mbebe Sezim, sema unakwenda kuwasalimu wazazi wako. Mkamwana kwenda kwao kusalimia ni haki yake tangu zamani, hakuna wa kukuzuia. Usirudi mpaka kioo kimeshuka. Talant mpe ujumbe mmoja tu: anajengea watu kuta huko Urusi, anajua jipsamu ni nini kuliko mimi na wewe. Aache kukuambia uvumilie. Ampigie baba yake.

Mwaka jana mama mmoja aliniandikia kuhusu kabati la vyombo lililotundikwa kwenye ukuta kama wako. Yeye hakuniuliza lifungwe vipi. Aliniuliza ataishi vipi na mkwewe aliyelifunga, meza moja, baada ya kumzika mwanawe. Barua yake ninayo bado na sijapata la kumjibu. Yako nimeijibu kabla ya nyingine zote kwa sababu mwanao yu hai.