Stima Iliyokatika Mama Akikuaga

Baba,

Ni mimi Muhonja. Nakuandikia habari ya mama, maana watu hawatakueleza vizuri.

Siku tuliyokuzika, nyumba ilifurika. Akina shangazi walichomeka jiko la stima na mabirika mawili ya chai, wanakwaya nao wakachomeka kipaza sauti chao. Mama akasimama kukuaga. Alisema tu, "Baba Muhonja, nisamehe," na kipaza sauti kikanyamaza. Stima uliyoifunga kwa mikono yako ikapotea nyumba nzima. Baba mkubwa akashika kichwa, akasema kwa sauti, "Mwenye stima amekataa!"

Wee, Baba! Kama si heshima ya kaka yako, siku hiyo ningemwambia neno. Mama aliketi chini polepole, na tangu hapo hakukulilia tena.

Aliamini umemkataa. Unajua asubuhi yako ya mwisho hamkusemezana. Alikuwa amekununia kwa ajili ya lile gari lako kuukuu, ati Jumapili nzima uko chini yake na ibada imekupita. Ukatoka bila chai, ukaanguka kazini, basi. Baba mkubwa akakataza mtu yeyote asiguse stima yako. Wiki zote hizi tumekaa na koroboi, mama haongei. Nilikuwa nimekukosa wewe, sasa nikaona namkosa na yeye.

Jana mchana nikasema potelea mbali. Nikamshika mkono mpaka kwenye paneli uliyoipigilia nyuma ya mlango, nikaifungua. Nikamweleza vile ulivyokuwa ukinieleza nikikushikia ngazi: stima yote inaingia hapa kwanza, ndipo inagawanywa, njia hii ya taa, hii ya jiko. Na kuna fyuzi, kawaya kembamba tu. Mzigo ukizidi, kenyewe kanakatika ili nyumba isiungue. Nikachomoa ile ya siku ya mazishi. Waya ulikuwa mweusi, umekatika katikati.

"Ni chai ya shangazi hii, mama. Si Baba."

Akatikisa kichwa, hakuamini. Nikamtoa nje mpaka kwenye gari. Chini ya dashibodi nikamwonyesha kisanduku kile kidogo, nacho kina fyuzi zake, za taa na za honi. Hapo akashtuka. "Si hiki ndicho alifungua kule Lubao?"

Ndicho, Baba. Siku ile honi ilikufa katikati ya ng'ombe wa sokoni, wewe umeinama unabadilisha fyuzi, yeye umemtuma mbele afukuze ng'ombe na leso yake ya kanisani.

"Nilimtukana siku hiyo mbele ya watu wote," akasema. "Na yeye alichekanga tu. Nikimnunia, alichekanga. Sasa angenikasirikia vipi akiwa amelala?"

Ndipo akakulilia. Aliketi kwenye kiti chako cha dereva akalia kwa sauti, akikuita kwa jina, mpaka majirani wakaja mbio kuuliza ni nani amekufa. Nikawaambia ni baba yangu. Nikalia na mimi.

Pumzika sasa, Baba. Baba mkubwa, nilipomweleza habari ya fyuzi, sasa anataka tutie msumari badala ya waya, ati usikatike tena. Hataugusa mlango wa paneli yako, nakuahidi. Waya nitaufunga mimi leo, ule mwembamba. Mama amesema swichi tumwachie yeye.

Binti yako,
Muhonja