Jina la Kalekye kwenye Ubao wa Patrobas

Mtaa wa Mbotela,
S.L.P. 7826,
Nairobi.

14 Agosti 1983

Mpendwa Mjomba Mativo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Mbotela. Natumaini wewe na Mama Syombua hamjambo huko Moyale, na kwamba lile jicho lililokusumbua wakati wa Pasaka limepona. Sisi tu wazima. Baba amebadilishiwa zamu, sasa anaendesha lori mchana, kwa hiyo tunakula naye jioni. Mama anakohoa kidogo kwa baridi ya Julai, lakini kwaya hajaacha.

Mimi ni yule yule. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali bado natazama dawati. Haya ninayokuandikia nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Baba alitusomea barua yako. Unasema Bwana Patrobas, uliyesoma naye darasa moja, amekuandikia kuwa chuo chake cha taipu kinafunguliwa tarehe tano Septemba, na kwamba Kalekye wetu ndiye ushahidi wa kazi yake. Unasema utamleta Syombua. Mjomba, nakuomba usimpeleke kwake.

Dada Kalekye aliingia kwa Patrobas mwaka juzi unakwisha, kwa sababu kidato cha tano hakuitwa, na vyuo vikubwa vilitaka miaka miwili na karo ambayo Baba hana. Patrobas aliahidi cheti kwa miezi tisa. Wasichana walikuwa kumi na wawili na mashine nzima tano. Waliobaki walipiga taipu juu ya vipande vya katoni vilivyochorwa herufi. Dada alikuwa wa katoni karibu kila siku. Novemba Patrobas akawapa karatasi mle mle chumbani, akasema ndio mtihani wa serikali na anazipeleka kusahihishwa. Januari akamwambia dada ameanguka, tena mbele ya wenzake.

"Tazameni vidole hivi," akasema. "Hivi ni vya jembe. Mama, rudi Machakos ukapalilie."

Wakacheka. Dada alikuja nyumbani, akatia daftari zake zote za hatimkato kwenye jiko la makaa, Mama akapikia chai moto ule bila kujua. Dada hakulia. Nililia mimi, na siku hiyo niliapa kwamba mtu yule atanijua.

Sina nguvu nyingine ila kusoma. Nilikwenda maktaba ya Kaloleni nikaomba kijitabu cha kanuni za mtihani, nikakisoma mpaka ukurasa wa nyuma ambao nadhani hakuna anayeusoma. Kifungu cha saba kinasema mtu yeyote anaweza kujiandikisha mwenyewe, hata kama hajakanyaga chuo. Kisha niliandika barua kwa ofisi ya mitihani kuuliza alama za dada. Jibu lilikuwa mistari miwili. Jina hilo halijapata kuandikishwa. Niliisoma chooni mara tatu. Hakuanguka, Mjomba. Hakufanya mtihani wowote.

Bi Teresiah, karani wa kanisa letu, alituachia mashine ya ofisi yake kila Jumamosi baada ya usafi. Siku nyingine dada alitumia katoni ile ile ya Patrobas, mimi nikimsomea kitabu changu cha historia na kutazama saa. Ilichukua miezi mitano. Tulilipa ada ya mtihani, karatasi na utepe mmoja wa wino, basi. Alifanya mtihani Juni, akapita daraja la kwanza. Sasa anapiga taipu katika ofisi moja ya bima mjini, na vidole ni vile vile.

Dada alisema yatosha. Kwangu hayakutosha. Nilimwomba anipigie kifungu cha saba kwa karatasi za kaboni, nakala arobaini, nikaenda Shauri Moyo nikasimama chini ya ngazi za chuo, nikawapa wasichana mmoja mmoja. Jumamosi ya pili Patrobas akashuka.

"Wewe si mtoto wa Nyamai? Umetumwa na nani hapa?"

"Na kifungu cha saba," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Hivyo vitabu unavyomeza vitakutokea puani, kasichana."

Nikampa nakala. Saba kati ya wasichana wake sasa wako kwa Bi Teresiah.

Juma lililofuata, Mjomba, Patrobas alipaka rangi ubao mpya nje ya chuo. Juu kabisa ameandika "WALIOFAULU", na jina la kwanza ni Kalekye Nyamai. Baba alichukua kopo la rangi nyeusi akataka kwenda kulifuta. Mama akasema tusamehe. Mimi sijasamehe. Kanisani tukifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea nafunga mdomo, na Mungu anajua nimefunga.

Lakini nilimshika Baba mkono nikamwomba aliache jina. Wasichana wanalisoma, wanapanda ngazi kumuuliza Patrobas Kalekye ni yupi, naye anasema ametoka kidogo. Wakishuka, wananikuta chini. Nawaonyesha njia ya kanisani.

Kwa hiyo mlete Syombua, ila mlete kwetu. Atalala na mimi, na katoni yake nimekwisha kuichora. Akipita mtihani, nitampelekea Patrobas jina lake mimi mwenyewe, limepigwa taipu vizuri, ili alipake rangi chini ya lile la dada.

Nisalimie Mama Syombua, Syombua mwenyewe, na Mzee Aden jirani yenu aliyetuletea ile asali. Baba, Mama, Kalekye na Bi Teresiah wanawasalimu. Mungu awafikishe salama katika barabara ile ndefu ya Isiolo, na ampe Syombua mikono myepesi.

Mimi mpwa wako akupendaye,
Kanyiva