Msomaji wa Miaka Tisa

Mwenzangu weee, leo nimeumbuka maktabani, sijui uso niuweke wapi!

Unakijua kile kitabu cha wanyama mashujaa wenye mapanga na ngao? Na unajua sheria yangu mimi mkutubi, mtoto akirudisha kitabu lazima aandike maoni kwenye kadi ya nyuma. Basi leo mwandishi mwenyewe katutembelea. Kaichukua kadi, kaanza kuisoma mbele ya watoto wote!

"Kobe jemadari anachelewa kila vita, afukuzwe kazi." Kacheka mpaka machozi.

Halafu akafika kwenye YANGU. Eti, "Nina miaka tisa. Nililia nguchiro alipotupa upanga ili ambebe adui yake aliyeumia."

Ndiyo, niliandika mimi! Kitabu kilikaa miezi hakuna anayekigusa, nikasema ngoja nikipigie debe. Na kulia nililia kweli, umri tu ndio nilidanganya.

Mwandishi akasema, "Huyu mtoto asimame nimwone."

Watoto wakatazamana. Mimi nasukuma miwani puani, najifanya napanga vitabu.

Akainua macho, akaona tangazo langu ukutani, USIKUNJE KURASA. Akatazama kadi. Akatazama tangazo. Akanitazama mimi. Mwandiko ule ule, na mikia yote ya herufi!

Nikajua kazi sina. Yeye akaomba kalamu, akaandika ndani ya nakala mpya, akanikabidhi. Nimejifungia chooni ndipo nikaifungua:

"Kwa msomaji wangu wa miaka tisa mwenye miwani. Pale kwa nguchiro, hata mimi nililia nikiandika."