Masbuki

Jumatatu, 4 Agosti

Uji. Dawa. Shuka tatu kuanika. Mama alimwaga kikombe cha kwanza, nikapika tena. Mgongo wauma.

Adhuhuri hodi mlangoni. Omari, mdogo wangu, katoka Maskati na begi jipya. Miaka tisa hakukanyaga Msambweni. Mama alimtazama sana, kisha akaniuliza mgeni huyu ni wa nani. Omari alikwenda kulia chooni. Sikumhurumia.

Jumatano, 6 Agosti

Bi Rehema wa jirani kamwona Omari akifua, akacheka. "Masbuki kafika." Ndivyo aitwavyo anayeingia msikitini swala imeshaanza, rakaa zimempita. Neno limemkaa. Nimemwita hivyo kutwa. Masbuki, teka maji. Masbuki, anika godoro.

Kila asubuhi anampa Mama shikamoo, anajitaja jina. Mama humwitikia marahaba kwa heshima zote, kisha humwambia Omari wake yuko Maskati, atakuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumegombana. Ati nimwambie Mama kwamba ndiye. Nimekataa. Miaka miwili Mama aliita jina lake, nikawa naitika mimi. Yeye Omari alikuwa wapi? Nina hasira.

Aliporudi kutoka swala ya Ijumaa alisema, "Dada, masbuki hafukuzwi. Imamu akishatoa salamu, yeye huinuka akakamilisha zilizompita. Peke yake."

Akaenda kuosha ndoo. Yote hayo nilifunzwa chuoni, nikiwa mtoto. Nilikasirika zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Nilijilaza baada ya chakula, nikazinduka yaadhiniwa magharibi. Hakuna aliyeniamsha. Mama kala, Bi Rehema kaitwa kumwogesha, shuka zimekunjwa. Zimekunjwa vibaya, lakini zimekunjwa.

Sikumbuki mara ya mwisho kulala mchana. Niliona haya. Kisha nikalala tena.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimemwambia. Nilimshika Mama mkono: huyu ndiye Omari, amerudi. Akacheka. Omari wake hana mvi.

Omari alikuwa akimnywesha dafu kwa kijiko. Hakusimama.

Baadaye Mama akaniambia, sauti ya chini lakini sote twasikia, "Mgeni huyu ana imani. Mwambie asiondoke. Omari akija nitamweleza alivyonitunza."

Omari akasema inshaallah. Akampa kijiko kingine.